Tatu, Mwanasesere Wetu wa Karatasi

Mwanasesere wetu wa kwanza wa karatasi hakumaliza hata saa moja. Dada yangu alimchora kwenye ukurasa aliouchomoa katikati ya daftari, mimi nikampaka rangi kwa kukandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka kifuani, na tulipofika kumkata, mkasi ukapita palepale ilipopaswa kuwa shingo. Wa pili alitoka mzima mikononi mwetu, ila karatasi yake ilikuwa nyepesi mno. Tulipomwegemeza ukutani alianza kujikunja magotini, polepole, kisha akalala kifudifudi. Wa tatu tulimbandika juu ya jalada gumu la daftari lililokwisha kurasa, tukasubiri gundi ikauke, ndipo tukamkata. Huyo ndiye aliyedumu, na jina lake likawa Tatu. Mimi nilikuwa na miaka sita, dada alikuwa na kumi, na kwa miaka mitatu iliyofuata sidhani kama ilipita wiki bila Tatu kuongezewa nguo.

Watu wengi wanapowakumbuka wanasesere wa karatasi huzungumzia kuwavisha, kuwavua na kuwasemea. Mimi nakumbuka zaidi kutengeneza. Katika alasiri nzima ya kucheza, sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye kuchora, kukata, kupaka rangi na kurekebisha kilichoharibika, na hatukuhesabu kazi hiyo kuwa maandalizi ya kitu kingine kitakachokuja baadaye. Tulipokuwa tumeinama juu ya karatasi, ndimi zikichungulia pembeni mwa midomo, tulikuwa tayari ndani ya mchezo. Mara nyingi gauni lilikamilika jioni, Tatu akalivaa kwa dakika chache, kisha tukaitwa ndani, na hatukuwahi kuona kwamba siku imepotea.

Mwili wa Tatu ulimgharimu dada fikra nyingi. Mwanasesere wa karatasi akichorwa na mikono iliyogandamana na mbavu, kila nguo yake itaonekana kama gunia, maana hakuna mahali ambapo kiuno kinajitokeza wala mikono inapotengana na kiwiliwili. Akichorwa na mikono iliyotanuliwa mbali, vidole na viganja ndivyo vitakavyopinda na kuchanika kwanza. Dada alitafuta njia ya kati: mkono mmoja aliushusha ukiwa umeachana kidogo na paja, mwingine akauweka kiunoni, kiwiko kikielekea nje. Kati ya mkono ule wa kiunoni na mbavu palibaki nafasi ndogo ya pembetatu, na nafasi hiyo ilikuwa mtihani wa kila aliyeshika mkasi, kwa sababu huwezi kuifikia kutoka ukingoni. Dada aliikunja karatasi kidogo sana katikati ya pembetatu, akakata tundu dogo penye mkunjo, akaingiza ncha ya mkasi kwenye tundu hilo na kuzunguka taratibu, akiigeuza karatasi badala ya kuugeuza mkasi. Kugeuza karatasi na kuutuliza mkono unaokata ndiyo siri kubwa ya kazi hii, nami niliijifunza kwa kumtazama kabla hajawahi kuitamka.

Miguu hakuitenganisha. Aliiacha imeungana kuanzia magotini hadi kwenye kipande cha chini kilichoachwa kipana, nacho kikapasuliwa kidogo ili kipokee kipande kingine kilichopasuliwa vilevile, vikaingiana kwa umbo la msalaba. Kwa hilo Tatu akaweza kusimama peke yake. Kosa moja tu lilibaki mwilini mwake: mkasi uliteleza kwenye bega la kulia na kuliacha likiwa chini kidogo kuliko la kushoto. Dada alitaka kumwacha na kuanza wa nne. Mimi nililia, kwa kuwa nilikuwa nimeshampa jina, na bega likabaki hivyo.

Nguo zilianza kwa kufuatisha. Ulimlaza Tatu juu ya karatasi safi, ukamshikilia kwa vidole viwili asisogee, ukapitisha penseli shingoni, mabegani, chini ya makwapa na kiunoni, kisha ukamwondoa. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kivuli cha mwili wake, na juu ya kivuli hicho ndipo gauni lilipochorwa, likizidi mstari kwa upana wa uzi mabegani na kwa kadiri ulivyopenda kuanzia kiunoni kushuka chini. Anayechora gauni bila kufuatisha kwanza, hata awe na jicho zuri namna gani, hupata nguo inayoelea mbele ya mwili bila kuugusa. Nilijaribu mara kadhaa kwa haraka zangu, na kila mara shingo ya gauni ilikaa kwenye kidevu.

Kisha yakaja masikio. Ndivyo tulivyoviita vile vipande vidogo vya mstatili vinavyoachwa kwenye kingo za nguo ili vikunjwe nyuma ya mwili na kuishikilia. Tuliweka mawili mabegani na mawili kiunoni. Sikio likiwa fupi, nguo huanguka kwa kutikiswa kidogo tu. Likiwa refu, hujitokeza mahali pasipotakiwa, hasa pale shingoni ambapo hakuna kitu cha kulificha. Kipimo chetu kilikuwa upana wa ukucha wa kidole gumba cha dada, na mkunjo ulipigwa kwa ukucha uleule ili ukae. Mtoto anapokata nguo kwa kufuata mstari wa gauni pekee, mkasi huyafyeka masikio bila yeye kujua, na ndiyo maana sentensi niliyoisikia kuliko zote katika utoto wangu ilikuwa, "Mdogo wangu, usikate masikio."

Niliyakata. Lilikuwa gauni la kijani lenye madoa ya njano, kila doa limezungushwa kwa mkono wa dada, kazi ya siku mbili, naye alikuwa ameniachia heshima ya kulikata. Nilipomaliza niliinua kipande cha karatasi kilichokuwa na umbo la gauni kamili, kisicho na hata sikio moja la kushikia. Dada hakunigombeza. Alikaa kimya kidogo, akachana ukanda wa karatasi ya daftari yenye mistari ya bluu, akakata vipande vinne, akavibandika nyuma ya gauni kwenye mabega na kiuno. Gundi ilikuwa majimaji, na gauni lote likaanza kujiviringisha kama jani linalokauka. Tuliliweka katikati ya kamusi nene ya baba, tukarundika vitabu vingine juu yake, na asubuhi lilikuwa limenyooka, likiwa na masikio manne yenye mistari ya bluu ambayo Tatu peke yake ndiye aliyejua kuwa yapo.

Kwa nini karatasi hujiviringisha ikipata unyevu, na kwa nini daima upande uleule, nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima, na jibu lake linaeleza mambo mengine tuliyoyaona bila kuyafahamu. Karatasi ya mashine ina nyuzinyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, ule ambao karatasi ilikuwa ikisafiria mashineni wakati wa kutengenezwa. Uzi mmojammoja ukinywa maji hunenepa sana na kurefuka kidogo tu, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi kwa kuzikatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na uso wake mmoja ukilowa kuliko wa pili, hupinda. Nyuzi hizohizo ndizo zinazofanya karatasi ichanike kwa mstari ulionyooka ukifuata mlalo wake, na ichanike kombo ukiukatiza. Sisi tulijua tu kwamba kuna karatasi "zenye adabu" na nyingine "zisizo na adabu", kumbe ilikuwa karatasi moja iliyogeuzwa. Laiti tungejua, tungemkata kila mwanasesere nyuzi zikisimama kutoka kichwani hadi miguuni, kwa sababu hapo karatasi huwa ngumu zaidi na haijikunji magotini kama alivyojikunja yule wa pili. Gauni tungelikata kinyume chake, nyuzi zikilala kutoka bega hadi bega, maana mkunjo unaofuata nyuzi huwa safi na haupasuki, na masikio ya mabegani hukunjwa kwa mlalo huo. Mwili unataka karatasi isimame, nguo inataka karatasi ilale. Nimeufurahia ujuzi huu mdogo kuliko mambo mengi makubwa niliyofundishwa.

Udhaifu wa kila mwanasesere wa karatasi uko shingoni. Kichwa ni kizito kuliko kinavyoonekana, mtoto humshika mwanasesere kwa kichwa anapomwondoa kwenye nguo, na sehemu inayobeba yote hayo ina upana wa kidole kidogo cha mtoto. Shingo ya Tatu ilikatika mara tatu. Kila mara dada alibandika kipande kipya nyuma yake, na kila kipande kiliongeza unene, hadi kola za nguo za zamani zikakataa kulala vizuri kooni. Kuanzia hapo nguo zote mpya zilichorwa na kola za juu au mitandio iliyozungushwa shingoni, na mtu asiyejua historia yake angedhani Tatu alipenda tu mitindo ya namna hiyo.

Nilipokuja kusoma kuhusu wanasesere wa karatasi waliotangulia, jambo la kwanza nililotaka kujua ni jinsi wengine walivyolitatua tatizo la shingo. Mwaka 1810 wachapishaji S. & J. Fuller wa London walitoa kitabu kidogo chenye hadithi ya msichana aitwaye Fanny, ambacho mara nyingi huhesabiwa kuwa mwanzo wa wanasesere wa karatasi waliochapishwa kwa ajili ya kuuzwa kwa watoto. Pamoja na kitabu zilikuja picha zilizokatwa za Fanny katika mavazi mbalimbali, zote zikiwa hazina kichwa, na kichwa kimoja tu chenye shingo ndefu kilichochomekwa kwenye vazi moja baada ya jingine kadiri hadithi ilivyoendelea. Kwa maneno mengine, walichokifanya ni kuikata shingo tangu mwanzo na kuifanya iwe kiungo. Ni akili nzuri, nami naiheshimu, ingawa bado naona kwamba mwanasesere mwenye mwili wake mwenyewe, anayevua nguo na kubaki yeye, ana uhai ambao kichwa kinachohamahama hakina. Zaidi ya nusu karne kabla ya Fanny, watu wazima wa Paris walikuwa wameshikwa na kichaa cha vikaragosi vya karatasi ngumu vilivyoitwa pantin, vyenye viungo na uzi wa kuvuta ili mikono na miguu irukeruke. Hivyo vilichezeshwa, havikuvalishwa.

Wanaonigusa zaidi ni wanasesere wa Japani waitwao anesama. Hutengenezwa kwa karatasi iliyokunjwa, nywele zikiwa za karatasi zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na kwa desturi uso wao huachwa mtupu bila macho wala mdomo. Uzuri wao hutazamwa hasa kwa nyuma, kwenye nywele na ukosi wa vazi. Niliposoma hayo nilisimama, kwa sababu Tatu naye alikuwa na nyuma.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Dada alimchora Tatu akitabasamu, kama wachoraji wote wa umri wake wanavyochora, na baada ya siku chache tukagundua kwamba tabasamu lile halizimiki. Hadithi zetu zilikuwa na misiba, safari ndefu na ugomvi wa marafiki, na katika yote hayo Tatu alitabasamu. Tulijaribu kumchorea uso mwingine kwenye kipande kidogo cha karatasi cha kuweka juu ya ule wa kwanza, lakini kilikuwa kidogo kama punje na kilianguka kila tulipopumua. Mwishowe dada alimgeuza, akachora kisogo: nywele zilizosukwa kwa mistari minane inayokutana chini, ncha ya sikio kila upande, na mstari mwembamba wa shingo. Kuanzia siku hiyo, Tatu alipohuzunika aligeuzwa. Alisimama ametupa mgongo, hasemi, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa sakafu niliona huzuni kamili kwenye mistari ile minane. Sijawahi kuona uso wa mwanasesere wa dukani, hata aliyetengenezwa kwa ustadi, ukifanya kazi hiyo.

Lipo pia suala la rangi. Katika pakiti yetu ya penseli za rangi kulikuwa na moja ambayo watu wazima waliita rangi ya ngozi, nayo ilikuwa waridi hafifu. Dada aliiweka kando bila kusema lolote, akachukua ya kahawia, akaipaka mara mbili, kwanza kwa kuilaza penseli ubavu ili rangi isambae, kisha kwa ncha kwenye kingo za uso na mikono. Wakati ule sikuliona kuwa jambo kubwa, na leo naliona kubwa sana. Mwanasesere anayetoka kiwandani huja na rangi aliyochaguliwa na mtu mwingine. Anayetoka mezani kwenu huwa na rangi ya mikono inayomtengeneza, ikiwa mikono hiyo inataka hivyo. Jackie Ormes, mchoraji wa katuni Mmarekani mweusi aliyechora katika gazeti la Pittsburgh Courier, mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwapa wasomaji wa hadithi zake za Torchy mwanasesere wa kukata pamoja na mavazi yake: mwanamke mweusi, mwerevu, aliyevaa mitindo ya wakati wake. Nilipoziona picha za kurasa hizo kwa mara ya kwanza, macho yangu yalikwenda moja kwa moja mabegani, kutafuta masikio. Yalikuwapo.

Mchezo wenyewe ulikuwa na sheria zinazotokana na karatasi. Tatu hakuweza kuketi, kwa hiyo katika nyumba yake, ambayo ilikuwa boksi la viatu lililotobolewa madirisha matatu, viti vilichorwa kwenye ukuta na yeye akasimamishwa mbele yake. Tulikubaliana kuwa ameketi, na makubaliano hayo hayakuvunjwa hata siku moja. Hakuweza kukumbatia mtu. Ndugu zake wa karatasi, waliokuja kuongezeka hadi kumi na mmoja, walisalimiana kwa kulazwa mmoja juu ya mwingine kwa muda mfupi. Upepo ulikuwa adui, dirisha lilifungwa hata siku za joto, na kicheko kilikuwa hatari zaidi ya upepo, kwa kuwa kicheko kimoja kikubwa kiliweza kuiangusha familia nzima. Tulijifunza kucheka kwa kuinua kichwa juu.

Tulitengeneza pia wale wanaoshikana mikono, ambao watoto wengi huanza nao: karatasi ndefu inakunjwa mbele na nyuma kama feni ya mkono, mtu nusu au mzima anachorwa kwenye kunjo la juu, anakatwa, na ukivuta unapata safu ya watu. Ukikata hadi mwisho penye mikunjo, mikono hutengana na unabaki na rundo la watu wasiojuana. Ni mchezo wa dakika tano, una furaha yake, lakini watu wale wote ni mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na jina.

Tatu alitoweka siku nyumba ilipofanyiwa usafi mkubwa. Alikuwa ndani ya bahasha pamoja na ndugu zake na nguo zipatazo arobaini, na bahasha ile ilionekana kama karatasi chakavu kwa yeyote asiyejua. Sikumlaumu mtu, ila niliitafuta kwa siku kadhaa, na dada, ambaye kwa umri wake wakati huo alikuwa ameanza kujifanya mkubwa, aliitafuta pamoja nami.

Mwaka jana tulikuwa tunapanga vitabu vya baba, na kutoka katikati ya kamusi likaanguka gauni la kijani lenye madoa ya njano. Lilikuwa limerudishwa humo kunyooshwa wiki ileile ya usafi, nasi tukalisahau. Rangi ilikuwa bado kali, kwa kuwa mwanga haukuligusa, na nyuma yake masikio manne yenye mistari ya bluu yalikuwa bado yamekunjwa. Binti wa dada, ambaye ana miaka saba, alilishika kwa ncha za vidole akauliza, "Mama mdogo, mwenyewe yuko wapi?"

Tukakaa mezani watatu. Safari hii ilitubidi kwenda kinyumenyume, kufuatisha gauni ili tupate mwili. Tuliyakunjua masikio, dada akapitisha penseli pale ilipokuwa mikunjo, akaongeza kichwa, mkono ulioshuka na mkono wa kiunoni, na binti akampaka kahawia mara mbili kama alivyoelekezwa. Mstari wa bega la kulia ulikuwa chini kidogo, na dada, akidhani penseli imemponyoka, aliufuta akaunyoosha ulingane na wa kushoto. Mwanasesere alipokatwa na kuvishwa, sikio la kushoto lilikaa, la kulia halikufika nyuma. Gauni lilining'inia upande. Dada aliligeuza, akalitazama, akanitazama mimi, kisha akampa binti yake mkasi na kumwonyesha kwa ukucha wa kidole gumba mahali pa kulishusha bega.